Ngazi ya Tatu, Łódź

Nilirudi kutoka kwenye tanuri la mikate saa kumi alfajiri,
nikawasha taa ya jikoni,
na ukuta ukatawanyika.

Sikupiga kelele. Nilizima taa,
nikasimama gizani na koti langu na theluji yake
kama mtu aliyekosea mlango.

Kulipokucha nikanunua dawa ya kupuliza,
kopo lenye picha ya mdudu chali.
Nilipuliza hadi dirisha likatoka machozi.
Siku mbili, kimya. Ya tatu, Bibi Kunegunda wa mlango wa pili
akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya kanisani
kama na mimi nimewaona Waprusi.

Ndivyo tunavyowaita huku: Waprusi.
Nyanya yangu alisema kuna Wajerumani wanaowaita Warusi.
Kila mtu anajua kwao mende ni wapi:
ni kwa jirani.

Aliyekuja na begi la dawa ni Dobrochna,
mfupi, suruali ina viraka vya mpira magotini.
Akalala kifudifudi, akapenyeza tochi nyuma ya friji,
akaanza kunisomea nyumba yangu.

"Hapa pana joto. Mota hailali.
Mende hataki nafasi, mama, anataka ufa
unaomgusa mgongo na tumbo kwa pamoja.
Kubanwa ndiyo raha yake.
Na huyu, unamwona? Kimkoba anachoburuta nyuma
kina watoto thelathini na ushee;
hakitui mpaka wakaribie kutoka.
Ukimpulizia anawapeleka kwa Kunegunda.
Chakula hakimpi shida: gundi ya ukutani, chembe ya ukucha.
Maji ndiyo kamba yake.
Bomba hili linadondosha tangu lini?"

Tangu Wielisław aondoke. Sikusema.
Nilisema: tangu majani yapukutike.

Akadondoa dawa kwenye bawaba, punje punje, kama dengu.
"Usifute. Usipulize. Watakula, watarudi kwao,
watafia kwao, na wenzao watawala,
na wenzao watakufa.
Ni dawa inayosafiri kwa undugu."
Alisema hivyo huku akitafuta kifuniko cha kalamu.

Kisha akataka milango yote, kumi na moja hadi ishirini,
maana mabomba hayajui namba.
Milango ikafunguka, kila nyumba ikinuka siki,
aibu imesuguliwa hadi pembeni.
Ila kumi na saba.
Bwana Gościsław, dereva wa tramu mstaafu,
alijibu akiwa ndani: "Kwangu hakuna."
Mara ya pili: "Kwangu hakuna."
Mara ya tatu hakujibu.

Nilimpelekea mkate ungali moto.
Sikumhubiria. Niliuambia mlango:
"Kwangu wapo. Wako nyuma ya friji.
Wako ndani ya saa ya ukutani, wanatembea juu ya dakika.
Juzi mmoja alitoka kwenye kiatu changu cha kazini."

Muda mrefu.
Halafu ufunguo.

Magazeti hadi dirishani. Kiti kimoja tu kinachokalika.
Akaonyesha redio kubwa ya mbao, vumbi juu yake kama blanketi.
"Wako mle. Ni ya Stefania.
Sikutaka mtu aiguse."

Dobrochna akapiga magoti.
"Hatuigusi," akasema,
akaweka punje ukutani, upana wa kidole kutoka kwenye mbao,
akasubiri nasi kidogo, kana kwamba kuna kitu cha kusubiri.

Mitego ya gundi niliihesabu kila Jumapili,
nikaandika kwenye kalenda ya kanisa:
arobaini na mmoja. Kumi na tisa. Ishirini na mbili,
nikalia siku hiyo. Watatu.
Mguu mmoja, bila mwenyewe.

Machi, Bwana Gościsław alipanda na spana,
akafunga bomba langu bila kuulizwa,
akanywa chai wima, akaenda zake.

Bado saa kumi alfajiri nahesabu hadi tano
kabla ya kuwasha taa.
Bomba halidondoshi tena.
Wiki ya kwanza kimya chake kilininyima usingizi.